Anotesheni zote zipo, lakini seva inapokea fomu tupu: naomba ushauri

Mwanakodi:
Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu, kwani kesho kutwa natakiwa kukabidhi kazi. Nina programu ya Java inayotumia Spring Boot (mfumo wa kujengea programu za wavuti), yenye fomu ya kujisajili. Masharti nimeyaandika kwa anotesheni, yaani alama za @ zinazowekwa juu ya uga: uga wa jina nimeuwekea @NotBlank (usiwe mtupu), wa barua pepe @Email, na wa umri, ambao ni Integer, @Min(18). Kwenye kontrola, yaani klasi inayopokea maombi, nimeweka @Valid, inayoagiza masharti hayo yakaguliwe. Hata hivyo, nikituma fomu tupu, seva inaipokea kimya kimya na safu (rekodi mpya) inaingia kwenye hifadhidata. Je, nikiachana na anotesheni nikaandika masharti ya if ndani ya kontrola, nitakuwa nimekosea?

FundiSeva:
Mkuu, shukuru kwamba unahangaikia upande wa seva. Mimi niliwahi kuuacha ukaguzi wote kwenye JavaScript, nikaamini kwamba kitufe kilichozimwa hakibonyezeki. Mtu akatuma ombi kwa curl, programu ya kutuma maombi moja kwa moja kwa seva, bila kuigusa fomu yangu, idadi ya bidhaa ikiwa -3, na jumla ya malipo ikashuka chini ya sifuri. Tangu siku hiyo, ukaguzi wa kivinjari nauhesabu kuwa ni wa kumsaidia mtumiaji tu, wala si wa kuilinda programu.

Mwanakodi:
Nashukuru, lakini JavaScript siyo tatizo langu.

Bi_Klasi:
Unatumia toleo lipi? Kuanzia Spring Boot 2.3, ya mwaka 2020, kifurushi cha wavuti hakiji tena na cha uhakiki. Ni lazima uongeze spring-boot-starter-validation mwenyewe. Kumbuka pia kwamba @Email, @Size na @Min huiruhusu null (hali ya kutokuwa na thamani) ipite, kwa hiyo umri ulioachwa wazi hautakataliwa mpaka uongeze @NotNull.

Mwanakodi:
Toleo ni la 3, na kifurushi hicho nilikiweka. Isitoshe, nimeshaandika if kwenye fomu mbili kati ya tano na zinafanya kazi vizuri, kwa hiyo sioni sababu ya kurudi nyuma.

Mzee_wa_Logi:
Sababu ipo, mwanangu. Sharti ulilolifungia ndani ya kontrola moja halitamfuata mtu atakayeijaza klasi hiyo hiyo kupitia mlango mwingine, na miezi sita baadaye utalirekebisha hapa ukalisahau kule. Sharti lililoandikwa juu ya uga huonwa na kila anayeifungua klasi. Kuandika if kwa sababu umechoka kutafuta chanzo ni kuyaficha maradhi.

Jicho_Kavu:
Tuonyeshe mistari ya import, inayotaja anotesheni zako zinatoka maktaba ipi.

Mwanakodi:
import javax.validation.Valid;
import javax.validation.constraints.NotBlank;
Nyingine zinafanana na hizo.

Jicho_Kavu:
Basi naona kisa hiki kimetungwa. Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022, ilihamia jakarta.validation, jina jipya la maktaba hiyo ya uhakiki, wala haileti tena javax.validation, jina la zamani. Msimbo wako usingekompaili (usingegeuzwa kuwa programu) hata kidogo. Ama toleo si la 3, ama hakuna programu hapa.

FundiSeva:
Nami nimeanza kushuku, maana hajatuonyesha hata kontrola yake.

Bi_Klasi:
Tusimhukumu mapema. Kuna njia moja ya kuwa na toleo la 3 na javax.validation kwa pamoja. Mwanakodi, je, kuna maktaba uliyoiongeza kwa mkono?

Mwanakodi:
Sijatunga chochote, na neno hilo limeniumiza. Wiki mbili zilizopita nilipandisha toleo kutoka 2.7. Import za javax.persistence, za hifadhidata, nilizibadilisha, lakini za uhakiki zilikuwa katika klasi 40, nikaona heri niongeze validation-api 2.0.1, maktaba ya zamani yenye javax.validation. Makosa yote yalitoweka. Sikulitaja kwa sababu niliona limeshaisha, na bado naamini kwamba kugusa klasi 40 siku mbili kabla ya kukabidhi ni hatari.

Jicho_Kavu:
Nalifuta neno langu, na uniwie radhi. Ugonjwa ndio huo. Hibernate Validator 8, maktaba inayofanya ukaguzi wenyewe, hutafuta anotesheni za jakarta peke yake. Hizo zako haizitambui, kwa hiyo kila fomu huonekana haina sharti lolote. Iondoe ile maktaba kwanza, ili kompaila ikuonyeshe kila mahali pa kurekebisha. Badilisha javax.validation pekee: javax.sql, kwa mfano, ni ya Java yenyewe na inabaki ilivyo.

Bi_Klasi:
Tena, BindingResult, inayobeba matokeo ya ukaguzi, ikae mara tu baada ya kigezo chenye @Valid, la sivyo mtumiaji atapata jibu la 400 (ombi lenye kosa) badala ya fomu yake yenye maelezo ya makosa.

Mwanakodi:
Nimefanya hivyo. Jina tupu limekataliwa, na umri pia, baada ya kuongeza @NotNull. Moja ya zile if nitaibakiza kwa sasa, kwa sababu inalinganisha tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Sasa nimekuta safu 61 zisizo na jina, zote za wiki hizi mbili. Je, nizifute?

Mzee_wa_Logi:
Usizifute kwanza. Zinakili pembeni, kisha uangalie ni zipi zina barua pepe, kwani nyuma ya hizo huenda kuna mtu anayeamini kwamba amejisajili.