Stenti gani kwa mshipa wa baipasi ulioziba?

Kibokoni: Wenzangu, mgonjwa ana miaka 71, baipasi (upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine ili damu ipite kando ya ateri ya moyo iliyoziba) ya 2012. Mshipa wa mguu uliounganishwa na ateri ya kulia ya moyo umeziba asilimia 80, upana milimita 3.5. Stenti, yaani kibomba cha wavu cha kuushikilia wazi, iwe ya kutoa dawa au ya chuma tupu?

Tudor: Kwanza itazame ateri ya asili. Ikipitika, tibu hiyo. Mshipa mkongwe huziba tena hata ukiuwekea nini.

Nyali: Naam. Isipopitika, weka ya dawa. Utafiti wa DIVA wa 2018, wagonjwa 597, uliolinganisha hizo mbili, haukuona tofauti kwa miezi 12, lakini sioni sababu ya kurudia chuma tupu. Stenti zilizofunikwa kwa utando, labda mshipa utoboke.

Kinachoua ni uchafu, si stenti. Mafuta yale laini kama uji yakimomonyoka huziba mishipa midogo huko mbele. Tanguliza kichujio cha kunasa uchafu huo kama pana nafasi ya kukifungulia, weka stenti bila kupanua kwa puto kwanza, na chukua stenti ya milimita 3.0, usijaze upana wote wa mshipa. Damu ikigoma kupita, adenosini au verapamili (dawa za kulegeza mishipa midogo) kwa katheta ndogo, yaani mrija mwembamba.

Kibokoni: Na klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, juu ya aspirini kwa muda gani?

Nyali: Miezi 6 kama hali ni tulivu, 12 kama alikuja na mshtuko wa moyo. Asiache mwenyewe.