Uso wa modo umetoka rangi mbili, shavu moja bluu jingine chungwa, nakosea wapi?

Jicho_Moja

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana hii kitu inaninyima usingizi siku ya tatu leo. Nimempiga picha modo mmoja, dada mweusi yule mwenye weusi wa kung'aa, alikuwa anataka picha za potifolio. Nilimkalisha karibu na dirisha kubwa, dirisha likawa kushoto kwake, na taa ya dari nikaiacha inawaka ili chumba kisiwe na giza. Kwenye kioo cha kamera picha zilionekana safi kabisa, nikafurahi na yeye akafurahi.

Sasa kufika kwenye kompyuta, shavu la kushoto lina ubluu fulani hivi na la kulia kama kapakwa manjano. Nikivuta waiti balansi, ile ya kusawazisha rangi ya mwanga, upande wa joto, kushoto kunakaa sawa ila kulia kunakuwa chungwa, nikiirudisha kwenye baridi kulia kunapona lakini kushoto anapauka, ngozi inakuwa kama imepakwa majivu. Nimekaa na picha moja masaa mawili na bado. Halafu chini ya kidevu kuna ukijani ambao sielewi umetoka wapi, maana alivaa blauzi ya kijani lakini rangi imefikaje shingoni? Na kingine, nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe na uso ukatoka giza, nikiupandisha unajaa chengachenga. Nilipiga kwa JPEG. Huyu dada aliniamini, sitaki kumpa kitu kibaya, nisaidieni.

FundiMwanga

Mkuu achana na slaida za kompyuta kwanza, tatizo lilianza kabla hujabonyeza shata. Ulikuwa na mianga miwili yenye rangi tofauti juu ya uso mmoja, na waiti balansi ni moja tu kwa picha nzima, kwa hiyo ukitibu shavu hili unaliumiza lile. Rangi ya mwanga inapimwa kwa Kelvini, namba ikipanda mwanga unakuwa wa bluu, ikishuka unakuwa wa njano. Mwanga wa jua la mchana upo kwenye Kelvini 5500 hivi, dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja linakupa mwanga wa anga ambao ni wa bluu zaidi, unaweza kufika 7000 na kupita, wakati balbu ya njano ya nyumbani iko kati ya 2700 na 3000. Hiyo tofauti ni kubwa mno. Wewe ukiwa mle chumbani hukuiona kwa sababu ubongo unasawazisha wenyewe bila kukuuliza, kamera haina huo uungwana.

Siku nyingine kabla hujapiga chukua karatasi nyeupe, ikunje katikati iwe kama paa la nyumba, ishike mbele ya pua ya modo mkunjo ukuelekee wewe, upande mmoja uangalie dirisha na mwingine uangalie ndani. Ipige picha halafu itazame. Kama upande mmoja ni bluu na mwingine ni njano basi hivyo hivyo ndivyo mashavu yatakavyotoka, na hapo hujampotezea mtu muda wake.

Dawa ni kuzima taa ya dari, basi. Chumba kitakuwa na giza kwa macho yako ila uso wa modo hautakuwa na giza, dirisha linamtosha. Upande wa kulia ukiwa mzito sana weka rifleta ya kurudisha mwanga, hata bodi kubwa nyeupe inafaa, isogeze mpaka uone kivuli cha pua kinalainika kisha simamia hapo, usikiue kivuli chote maana uso utakuwa bapa kama picha ya kitambulisho. Na kama ni lazima taa ya njano iwake kwa sababu unataka ionekane kwenye picha, na wewe unatumia flashi, funika flashi na jeli, yaani karatasi angavu ya rangi, ya chungwa ile inaitwa CTO ili mwanga wake ushuke karibu na 3200, hapo taa zote zitaongea lugha moja na waiti balansi moja itazitosha.

Ukijani wa kidevuni ni blauzi yenyewe. Mwanga umepiga kitambaa ukarudi juu ukiwa na rangi ya kitambaa, ukaingia chini ya taya. Kuta za rangi zinafanya hivyo hivyo, hata nyasi. Mimi huwa namwomba modo abebe nguo mbili tatu, na kama hiyo ya kijani ndiyo inayotakiwa naweka bodi nyeusi mapajani mwake nje ya fremu, inakata mwanga unaopanda toka chini.

Mama_Lenzi

Mdogo wangu, FundiMwanga kamaliza habari ya rangi, mimi nataka nizungumzie hilo la uso kutoka giza kwa sababu linaniuma kila nikiona picha za dada zetu zimeharibiwa.

Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, haijui kama inamtazama mtu. Yenyewe inachukua kila kitu ilichokiona na kukivuta kiwe kijivu cha kati, kile wanachokiita asilimia 18. Ukuta mweupe ukijaa kwenye fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, ukuta unakuwa kijivu na uso wa dada unazama. Kinyume chake ukijaza fremu na uso mweusi mtupu, kamera inadhani kuna giza, inapandisha, na hapo unapata ngozi iliyopauka isiyo yake. Kwa hiyo weka mita kwenye spoti, yaani ipime sehemu ndogo tu, ipime shavuni upande wenye mwanga, kisha acha ngozi ikae chini kidogo ya pale mita inapopataka, kama stopu moja hivi, yaani nusu ya mwanga, kwa ngozi nyeusi sana hata zaidi. Usiniamini kwa maneno, angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, kwenye uso usiwe na kitu kilichogonga ukuta wa kulia isipokuwa vile vimeremeto vidogo vya ncha ya pua na mdomoni.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wakiona ngozi nyeusi wanafikiri inahitaji mwanga mwingi. Inahitaji mwanga mkubwa, yaani chanzo kipana. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao, ile mistari ya mwanga kwenye mfupa wa shavu, begani, kwenye mtulinga. Ukitumia taa ndogo kali unapata doa jeupe kwenye paji la uso na pembeni giza. Ukitumia dirisha pana au softiboksi kubwa, ile taa yenye kitambaa cha kulainisha mwanga, iliyosogezwa karibu, ukaiweka ubavuni badala ya mbele, ule mng'ao unatanuka unakuwa laini na unaona shavu lote linavyozunguka. Mpake mafuta kidogo begani uone. Poda nyingi ya kuua mng'ao mimi siitaki kabisa, inaleta ule umajivu unaoulalamikia.

Tena ujue hii shida ina historia. Enzi za filamu maabara zilikuwa zinasawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, picha ya mwanamke mzungu, ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha ngozi "sahihi". Watu weusi wakitoka bila sura, meno na macho tu, ikaonekana ni kawaida. Miaka ya 1990 ndipo Kodak wakatoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Ndiyo maana nawaomba, mkiwa kwenye kompyuta msimchubue mtu. Kama alikuja mweusi aondoke mweusi.

Ranginne

Kwa picha ambazo tayari unazo, JPEG inakubana kwa sababu kamera ilishaamua rangi na kutupa mengine, ukivuta sana ngozi inaanza kukatikakatika madaraja badala ya kuteleza. Ila sio mwisho wa dunia. Kwenye Lightroom sawazisha picha nzima kwa upande wa dirisha kwanza, usiangalie kulia kabisa. Ukimaliza chora maski ya brashi, yaani eneo la kurekebisha peke yake, juu ya shavu la kulia, kingo ziwe laini, shusha joto polepole mpaka mashavu yafanane halafu RUDI NYUMA KIDOGO, yakifanana kabisa inaonekana feki. Kidevuni brashi nyingine, tinti isogee upande wa magenta maana ndiyo mpinzani wa kijani. Chengachenga punguza ila acha matundu ya ngozi, uso usiwe kama plastiki.

Jambo moja ambalo lilinisaidia sana, ngozi za watu wote, weupe kwa weusi, zinaangukia eneo moja la rangi, kati ya nyekundu na njano, kwa maana hiyo chungwa. Kinachotofautiana zaidi ni mwanga na ukolezo. Kwa hiyo ngozi ikionekana kijivu usikimbilie kupandisha mwangaza, angalia kwanza kama kuna bluu au kijani imeingia.

Na kioo chako je? Kuna wakati niliediti picha za watu usiku kucha, asubuhi mteja ananiambia mbona wote wabluu. Kumbe kompyuta ilikuwa imewasha ile mode ya usiku inayofanya skrini iwe ya njano, mimi nikawa napambana na njano ambayo haipo kwenye picha. Nilirudia zote. Izime, weka skrini kwenye Kelvini 6500 na gama (mpangilio wa mwanga wa kati) 2.2, mwangaza usiwe juu sana, na usiediti jua likikupiga usoni.

Kivuli_Chema

Naongezea tu, mianga miwili sio dhambi. Mimi napenda bluu ya dirisha nyuma ya kichwa na njano ya taa usoni, inaleta jioni. Tofauti ni kwamba naigawa, kila rangi ina sehemu yake, mpaka wake haupiti katikati ya pua.

FundiMwanga

Hapo tupo pamoja Kivuli. Rangi ikiwa kwenye nywele na begani ni pambo, ikigawa uso nusu kwa nusu bila kukusudia ni ajali.

Jicho_Moja

Wakuu nimerudi. Yule dada kakubali turudie, Mungu ambariki. Nimezima taa ya dari, nimepiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijaliamulia rangi, karatasi nimeikunja kama paa na kweli pande zote zimetoka sawa, mpaka nimeihifadhi hiyo picha kuweka kumbukumbu. Picha ya kwanza nimemshikisha kadi ya kijivu chini ya kidevu, nikabofya hapo kwenye kompyuta, zote zikakaa sawa kwa mara moja. Nimemtoa ukutani hatua kama nne, ukuta mweupe ukawa kijivu wenyewe na uso ukabaki na mwanga wake. Dada Mama_Lenzi, ile mistari ya mwanga kwenye mtulinga nimeiona, nilisimama nikaitazama tu.

Swali la mwisho, jioni dirisha lilipoisha nikawasha taa ya LED niliyoazima, waiti balansi nimeweka sawa kwa kadi ile ile, kijivu ni kijivu kweli, lakini lipstiki yake nyekundu imetoka ya kahawia na ngozi imepoa. Inakuwaje?

Ranginne

Hiyo ni taa yenyewe. Kadi ya kijivu inakuambia tu kwamba nyekundu, kijani na bluu zimesawazishwa pale kwenye kijivu, haikuambii kama ndani ya mwanga kuna nyekundu ile ya kina. LED nyingi za hali ya chini zina upungufu hapo, na ngozi ya binadamu inaitegemea nyekundu hiyo kuliko kitu kingine, damu ipo chini yake. Usidanganywe na CRI, namba ya ubora wa rangi za taa, iliyoandikwa kwenye boksi, ile namba ni wastani wa rangi nane zilizofifia, nyekundu kali haimo. Tafuta iliyoandikwa R9, namba ya hiyo nyekundu kali, ikiwa juu ya 90 una taa nzuri ya uso, ikiwa ndogo au haijaandikwa kabisa itumie kumulika ukuta wa nyuma.

Na kama picha moja na inayofuata zinabadilika rangi au zina mistari, shusha shata mpaka 1/100 au 1/50, kuna LED zinapepesa pamoja na umeme.

Jicho_Moja

Nimeangalia boksi, R9 haipo. Kesho asubuhi tunamalizia na dirisha.