Kwa nini kanuni za usalama wa usafiri wa anga hukwama kwenye utekelezaji?

Mwanafunzi wa Sheria

Heshima kwenu nyote. Naandika tasnifu kuhusu wajibu wa nchi chini ya Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, ambacho ndicho kinachoziwekea nchi 193 wanachama wa ICAO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga) viwango vya kulinda usafiri wa anga dhidi ya utekaji, ulipuaji na uhalifu mwingine wa makusudi. Kiambatisho hicho kilipitishwa Machi 1974, na nchi zote ninazozichunguza zina sheria, zina mamlaka iliyoteuliwa na zina mpango wa taifa ulioandikwa vizuri. Hata hivyo, kila ninapozungumza na watu wa sekta hii naambiwa kwamba kazi inakwama kwenye utekelezaji, na hakuna anayenieleza inakwamia wapi. Je, kinachozishinda mamlaka za taifa ni fedha, ni upungufu wa wataalamu, au ni kanuni zenyewe kubadilika upesi mno?

Naomba ieleweke kwamba siulizii matengenezo ya ndege wala urubani. Kiswahili huyaita yote hayo usalama, na majibu huchanganyika.

Mkaguzi Mstaafu

Mwanangu, nimefanya ukaguzi kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu fedha si tatizo la kwanza. La kwanza ni mkaguzi kukosa uhuru. Kiambatisho cha 17 kinataka udhibiti wa ubora wa taifa uendeshwe na watu wasiofungamana na wale wanaotekeleza hatua za ulinzi kila siku. Sasa chukua nchi ambayo wizara moja inamiliki viwanja vya ndege, inamiliki shirika la ndege na inaisimamia mamlaka yenyewe. Mkaguzi anayeandika kwamba lango fulani halina mlinzi anamshtaki mwajiri wake mbele ya mwajiri huyohuyo.

Nakupa tukio moja nililolishuhudia. Tulikuwa kwenye jaribio la siri. Mwenzetu aliyevaa kama abiria wa kawaida alipitisha begi lenye kilipuzi bandia. Binti aliyekaa kwenye mashine ya eksirei alisimamisha mkanda, akaurudisha nyuma, akaitazama picha mara ya pili, kisha akamwita msimamizi wake. Ilikuwa kazi safi kabisa. Dakika chache baadaye ukaingia msafara wa mkubwa mmoja, na watu wanane wakapita kando ya mashine, mabegi yao mikononi. Binti yuleyule aliinamisha macho. Niliyaandika matukio yote mawili kwenye ripoti, na ripoti iliporudi kutoka juu, aya ya kwanza ilikuwa imebaki na ya pili ilikuwa imeondolewa. Binti yule hakukosa mafunzo wala mashine. Alichokosa ni mtu wa kumkingia kifua kama angeinua mkono na kusema, "Samahani mheshimiwa, naomba begi lako."

Kuhusu fedha, kosa ninalolifahamu zaidi ni la kununua mashine bila kutenga gharama za kuitunza. Vipuri, mkataba wa matengenezo na mafunzo ya mara kwa mara ni gharama za kila mwaka, na ndizo za kwanza kukatwa bajeti inapobana. Nao wakaguzi waliosomeshwa kwa gharama kubwa huondoka kwenda kwenye mashirika ya ndege yanayolipa vizuri zaidi, mamlaka ikaanza upya kufundisha.

Mwandishi wa Kanuni

Nakubaliana na mzee, ila nisingependa suala la kasi ya mabadiliko lipitwe hivihivi, kwa sababu ndilo ninalohangaika nalo mezani kwangu.

Kanuni nyingi za eneo hili zilizaliwa baada ya maafa au njama. Mwaka 1985 ndege ya Air India iliangamia na watu 329 kutokana na bomu lililokuwa ndani ya begi la mtu ambaye hakupanda ndege. Miaka mitatu baadaye bomu jingine lililofichwa kwenye mzigo wa ndege likaua watu 270 huko Lockerbie, Uskochi, na ulinganishaji wa abiria na mizigo yao, ili begi lisisafiri bila mwenyewe, ukatiliwa mkazo. Agosti 2006 njama ya vilipuzi vya majimaji iligunduliwa Uingereza, na kabla ya mwaka kwisha dunia ilikuwa ikizungumzia kikomo cha chupa za mililita 100 kwa majimaji ya abiria. Oktoba 2010 mabomu yalikutwa ndani ya printa zilizosafirishwa kama shehena, na macho yakageukia maghala.

Sasa fikirieni safari ya marekebisho ya Kiambatisho yanayofuata matukio kama hayo, ndani ya nchi. Hufika kama barua ya ICAO, yatafsiriwe kwa lugha ya sheria za nchi, yapite kwa wanasheria wa serikali, yasubiri saini ya waziri, na pengine yahitaji Bunge, huku tarehe ya kuanza kutumika kimataifa ikiwa imekwisha kupita. Ibara ya 38 ya Mkataba inaitaka nchi itoe taarifa pale desturi yake inapotofautiana na kiwango, lakini ili utangaze tofauti lazima kwanza uijue, na hiyo ni kazi ya mtu aketi na kulinganisha matini mbili mstari kwa mstari. Mamlaka ndogo haina mtu huyo. Tena wapo wakuu wanaoona kutangaza tofauti ni kujianika, kwa hiyo hunyamaza.

Juu ya hayo kuna masharti ya nchi nyingine. Machi 2017 Marekani na Uingereza zilizuia kompyuta na vifaa vingine vikubwa vya elektroniki kuingizwa ndani ya kabini kwa safari zinazotoka nchi kadhaa, na orodha zao hazikufanana. Msimamizi wa uwanja mmoja angeweza kulazimika kutumia utaratibu mmoja kwa ndege inayoondoka saa nne na mwingine kwa ndege inayoondoka saa sita.

Mwanafunzi wa Sheria

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Lakini ICAO imekuwa ikizikagua nchi tangu 2002. Ukaguzi huo hauyafichui haya?

Msimamizi wa Zamu

Ndugu yangu, unayafichua mengi, na umezisukuma nchi zilizokuwa zimelala. Ila wakaguzi wa nje hukaa siku chache, na siku hizo kila zamu huwa imejaa. Wakishaondoka, ninapanga zamu kwa watu niliobaki nao. Utaratibu wetu unasema mtu asitazame picha za eksirei zaidi ya dakika 20 mfululizo, kwa kuwa baada ya hapo jicho huona bila kutambua. Wawili wakiugua siku moja, dakika 20 zinakuwa 40, na hilo halimo kwenye ripoti yoyote.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni watu wa ndani. Februari 2016 bomu lililipuka ndani ya ndege ya shirika la Daallo muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mogadishu, na picha za kamera za uwanjani zilionyesha abiria akikabidhiwa kompyuta baada ya kuvuka kituo cha ukaguzi. Mashine pale mlangoni isingesaidia chochote. Ndiyo maana kanuni inataka kila anayeingia eneo lililozuiliwa bila kusindikizwa achunguzwe historia yake kwanza. Kumbukumbu hizo ziko polisi na idara nyingine, si kwetu. Tunapeleka majina, majibu yanachukua wiki kadhaa, na mkandarasi wa usafi anahitaji watu kesho asubuhi. Basi anapewa kitambulisho cha muda na kusindikizwa. Muda unaisha, kinaongezwa. Unaisha tena, kinaongezwa tena. Na kufikia mwezi wa tatu hakuna anayekumbuka kumsindikiza.

Ukipata kibali cha kutembelea uwanja wowote kwa ajili ya tasnifu yako, omba uone daftari la vitambulisho vya muda, na uhesabu vilivyoongezwa zaidi ya mara mbili.