Mrejesho: joto la injini ya Impreza WRX STI
Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza nianze na bomba la kuingiza hewa baridi au rejeta kubwa zaidi, kwa sababu Subaru yangu ilikuwa ikipandisha joto kila nilipopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru. Nimefuata ushauri wa wengi wenu wa kuanza na upozaji: nimefunga rejeta ya alumini, themostati mpya na kifuniko kipya cha rejeta, kisha fundi akatoa hewa yote iliyonaswa kwenye mfumo wa maji, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko kufunga rejeta yenyewe. Mshale wa joto sasa hausogei mlimani.

Intakula ya juu ya injini (kipoza hewa inayosukumwa na tabo, yaani turbo, kuingia kwenye injini) nimeiacha, ila nimebadilisha mipira yake iliyokuwa imepasuka. Bomba la hewa nimeliahirisha kwa makusudi, kwa kuwa kipenyo chake kikibadilika, kihisi kinachopima hewa huipa kompyuta ya injini kipimo kisicho sahihi, mchanganyiko wa hewa na mafuta ukaweza kupungukiwa petroli, na injini yenye tabo haivumilii hilo. Nitalifunga nikipata fedha za kurekebisha programu ya injini pia. Aliyenionya kuhusu jambo hili, namshukuru kwa dhati.