MJADALA: Kimbunga kikitangazwa halafu kisipige, hasara ya siku zile ni ya nani?

Mleta mada:
Wadau salaam. Masika ikishaanza tu hii ishu inarudi, na kila mwaka inaishia kwenye matusi na vikatuni, sasa leo naileta tuijadili mpaka tuelewane au tushindwane.

Turudi nyuma kidogo. Aprili 2021 TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, walitangaza kimbunga Jobo. Pwani nzima ikakaa mkao wa kusubiri, watu wakajaza madumu ya maji, kila grupu la WhatsApp ni ile picha ya satelaiti yenye wingu jeupe linalozunguka, halafu kilipokaribia nchi kavu kikanywea, hakuna cha kimbunga wala mjomba wake. TMA walichekwa vibaya mno. Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, kikaja Hidaya. Tangazo likatoka mapema tu, boti za Dar na Unguja zikasitishwa, na mtaani jibu likawa "ni walewale wa Jobo hao". Jumamosi tarehe 4 ikatangazwa kimeingia Mafia na kinapungua nguvu, basi watu wakashangilia utadhani Taifa Stars wamefunga.

Sasa wakati watu wanashangilia, barabara ya kusini pale Somanga, Kilwa, ilikuwa inaondoka na maji. Makalavati yakazolewa, tuta likakatika, Lindi na Mtwara zikakaa siku kadhaa bila njia ya kwenda Dar, magari yamepanga foleni huku na huku.

Kwa hiyo mimi naona tunagombana juu ya kitu sicho. Kimbunga kinapangiwa daraja kwa kasi ya upepo, basi. Kikigusa ardhi kinakosa yale maji ya moto ya bahari yanayokilisha, upepo unakufa haraka, lakini unyevu wote kilioubeba bado uko juu na lazima ushuke mahali. Saa ileile unayoambiwa kimeisha nguvu ndiyo mito inaanza kujaa.

Msimamo wangu: TMA wasione haya kwa Jobo na wasiogope kutangaza tena kesho. Ila tangazo lisiishie "chukueni tahadhari", liseme mvua inategemewa wapi na nani afanye nini, na lisizimwe kwa sababu upepo umetulia. Swali la pili ndilo gumu, na ndilo kichwa cha mada: siku zile ambazo mtu hakwenda kazini kwa ajili ya kimbunga ambacho hakikuja, anazifidia nani? Karibuni.

Mpiga Nyavu:
Mkuu umeandika vizuri ila unaonekana una mshahara. Sisi wa baharini hatuna likizo ya kimbunga. Nakupa mfano huohuo wa Hidaya. Dagaa tunavua gizani kwa taa, mbalamwezi ikiwepo hamna kitu, samaki hawakusanyiki kwenye taa. Sasa mwezi ule giza lilikuwa ndiyo linaingia, yaani usiku mzuri kabisa wa kazi, tukaambiwa msiende. Tukavuta chombo juu, na chombo hakipandi chenyewe, kinataka watu na watu wanataka chochote. Mashine ikafunguliwa ikapelekwa ndani. Mgao wetu ni baada ya kutoa mafuta na barafu, msipotoka hakuna mgao, na mwenye chombo hakukopeshi kwa sababu TMA wametangaza.

Mimi sisemi wasitangaze. Nasema anayetangaza anaendelea kula, na anayetii ndiye anayelala njaa, halafu mnashangaa kwa nini vijana wanatoka kimyakimya usiku.

Sina Presha:
Mimi niko tofauti kabisa na mleta mada. Fundi akikujengea nyumba ikavuja unamdai, daktari akikosea anaulizwa, kwa nini hali ya hewa tu ndiyo wakikosea tunaambiwa tushukuru Mungu? Waweke rekodi hadharani. Walitangaza mara ngapi, zimetimia ngapi. Kama hawataki kulipa basi angalau tuwapime.

Kijana wa Rada:
@Sina Presha la rekodi nakuunga mkono asilimia mia, hilo wala halina ubishi. La kulipa hapana, na nitakwambia kwa nini.

Utabiri wa njia ya kimbunga siku tatu mbele, hata kwa nchi zenye vifaa vyote, kitovu kinaweza kuwa kimekosewa kwa kilomita mia na zaidi. Sasa chukua ramani, pima kutoka Dar mpaka Mafia uone kilomita mia na kitu ni nini. Chukua kimbunga Kenneth, Aprili 2019. Mtwara walijiandaa, shule zilifungwa, ofisi zilifungwa, watu wakahamishiwa sehemu salama, halafu kikatua ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado ya Msumbiji, tarehe 25, na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kule vijiji vililala chini. Kwa mtu wa Mtwara ule ulikuwa utabiri "uliokosea", si ndiyo? Angekubali kubadilishana na mtu wa Cabo Delgado ili utabiri uwe sahihi? Na hapo kumbuka wiki sita tu nyuma kimbunga Idai kilikuwa kimeipiga Beira, Msumbiji pekee walikufa zaidi ya watu 600.

Kitu kingine watu hawajui, sisi tuko karibu mno na ikweta. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisukume kianze kuzunguka, na karibu na ikweta huo msukumo ni mdogo, ndiyo maana vingi vinapinda kuelekea Madagaska na Msumbiji. Vinavyotufikia ni vya kuhesabu. Unguja Aprili 1872, mikarafuu ikang'olewa kisiwa kizima na meli za Sultani Barghash zikavunjika bandarini. Lindi Aprili 1952. Ukichukua vizazi viwili vitatu bila kuona, lazima watu waone ni hadithi.

Ukianza kumtoza mtabiri faini kwa kutangaza, unajua atafanya nini? Atasubiri mpaka awe na uhakika. Na uhakika unakuja masaa machache kabla, wakati chombo cha Mpiga Nyavu kiko maili kumi ndani.

Mleta mada:
Mkuu hapo mwisho umenikumbusha Mauritius, Januari 2024, kimbunga Belal. Wale wana mfumo wa siku nyingi, ngazi ya 1 mpaka ya 4, umejengwa juu ya upepo wa kilomita 120 kwa saa, na watu wao wanaujua kama wanavyojua ratiba ya basi. Siku ile watu walikuwa wameshatoka makwao kwenda kazini ndipo ngazi ya 3 ikatangazwa, na mvua ikawakuta njiani, Port Louis magari yanaelea barabarani kama vifuu. Mkurugenzi wao wa hali ya hewa akaachia kiti. Ona sasa, nchi yenye uzoefu kuliko sisi, na iliangushwa na kitu kilekile ninachosema hapa, macho yote yako kwenye upepo na maji yanapita chini.

Sina Presha:
Kwa hiyo kule aliyechelewa aliondoka. Hapa anayekosea anaondoka lini? Hujanijibu.

Mleta mada:
Nimekujibu, ila hupendi jibu. Kule mtu aliondoka kwa kuchelewa kutangaza. Wewe unataka aondoke kwa kutangaza mapema. Ni vitu viwili tofauti kaka, ukivichanganya unapata mamlaka inayonyamaza.

Safari za Kusini:
Naomba niongee mimi niliyekuwepo, manake naona wengi mko Dar mnaongea nadharia. Nilikuwa kwenye basi natoka Mtwara. Siku moja kabla nilimuuliza wakala (kampuni siitaji) kama tutasafiri na hizi habari za kimbunga, akanijibu "dada kimbunga ni cha baharini sisi tunapita barabarani", na mimi nikaona ana akili. Tumefika mbele huko tunakuta foleni, malori yamezimwa, madereva wamelala chini ya tela. Nilishuka nikatembea mpaka mbele kabisa. Lami ilikuwa imeishia hewani, yaani imebaki kama ubao umechomoza, chini udongo wote umeondoka, na maji mekundu yanapita kwa kasi na magogo mazima. Upepo hamna kabisa. Jua linatoka kwa mbali. Mtu aliyekuwa Dar muda ule angekuambia kimbunga kimeshapita.

Swali langu ni moja: boti zilisitishwa, sawa. Kwa nini mabasi na malori hayakusitishwa? Ile barabara inapita mabonde, inajulikana, kila masika inaleta shida. Nani alikuwa na mamlaka ya kusema gari lisivuke Nangurukuru?

Bahari Haizoeleki:
Boti zinasitishwa kwa sababu tuliumia. Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, bahari imechafuka, upepo mkali, na iliondoka Dar imejaa abiria. Baada ya pale hata nahodha mbishi akiambiwa bahari mbaya anafunga kamba. Barabarani hatujaumia kiasi cha kukubali kusimamishwa, ndiyo jibu lako dada, baya lakini ndiyo hivyo.

Na wewe @Mpiga Nyavu mimi nakuelewa, nimekulia diko, pale vyombo vinaposhushia samaki. Ila shida nyingine hatuisemi. Tangazo la TMA lina rangi, njano ni angalizo, chungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa. Hizo rangi ziko kwenye simu. Pale diko kuna nini? Hakuna hata bendera. Mzee mwenye ngalawa hana bando, anasikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu, ikimfikia imeshakuwa "kesho dunia inaisha" au "wanasema kutakuwa na upepo kidogo". BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zipo, zipewe bendera tatu na mtu mmoja wa kuzipandisha. Hilo halihitaji mfadhili.

Mpiga Nyavu:
Bendera sawa, naiafiki. Lakini bendera haijazi sufuria. Rudini kwenye mada.

Kijana wa Rada:
Sawa turudi. Odisha, India, mwaka 1999 kimbunga kiliua watu karibu elfu kumi. Mei 2019 kikaja Fani, kikali vilevile, wakahamisha watu zaidi ya milioni moja na waliokufa hawakufika mia moja. Watu walikubali kuhama kwa sababu walijua wanahamia wapi, kuna majengo ya kukimbilia, kuna chakula, kuna mtu wa kijiji anayekuja kukugongea mlango. Kutii hakukumwacha mtu na njaa. Kwa hiyo Mpiga Nyavu hana kosa, mfumo wetu unaishia kwenye tangazo, baada ya tangazo kila mtu na lwake.

Mleta mada:
Nimekubali na nabadilisha kidogo msimamo wa mwanzo. Hasara isiende kwa TMA, wale kazi yao ni kusema wanachokiona. Iende kwa anayetoa amri. Angalizo likiwa la njano hakuna amri, mtu aamue mwenyewe na chombo chake. Ikifika nyekundu, serikali inasema hakuna kutoka, basi hapo serikali imekuzuia kufanya kazi na lazima iwe na kitu kidogo mezani, hata kama ni unga na mafuta ya kupikia kupitia BMU, kwa wavuvi walioandikishwa, siku za amri tu. Wakiona gharama inakuwa kubwa watajifunza kuacha kupaka rangi moja kuanzia Tanga mpaka Mtwara na visiwa vyote. Watalazimika kusema wilaya ipi.

Sina Presha:
Na wasioandikishwa? Na mama anayekaanga samaki pale pale diko? Na bodaboda wa kwenye gati? Ukifungua hilo lango hulifungi.

Mleta mada:
Kweli hulifungi, sijakataa. Ila kuanza na wavuvi ni bora kuliko huu utaratibu wa sasa ambapo fidia ni sifuri kwa wote, halafu tunaita usawa.

Na kwa dada wa Safari za Kusini, mwenyekiti wa kamati ya maafa ya wilaya ni mkuu wa wilaya. Yeye ndiye angepaswa kusema gari lisivuke. Wadau mlioko Kilwa, kuna anayejua kama kamati ilikaa kabla ya tarehe 4, au ilikaa barabara ilipokatika?

Safari za Kusini:
Walioko Kilwa jibuni hilo, na mje na jingine: yale makalavati mapya ukubwa wake umepimwa kwa mvua ya Hidaya au ni saizi ileile ya zamani?