Datsun 510 ya mbio imeshushwa, kemba ya nyuma iko sawa ila mkia unayumba nikikanyaga breki

mkia_mwepesi
Habari wakuu, naombeni msaada maana nimeumiza kichwa miezi sasa. Nina Datsun 510 ya milango miwili ya 1971, ni ya mbio tu, haitembei barabarani, imeshushwa kama mm 60 kutoka kimo cha kiwandani, springi fupi ngumu na shokapu fupi za kuendana nazo. Nimeinunua ikiwa tayari imeshachezewa nyuma na mwenye gari wa kwanza. Sasa wote tunajua hii gari ukiishusha matairi ya nyuma yanalala, juu yanaingia ndani, lakini yangu nikipima kemba (pembe ya tairi kulala) napata nyuzi hasi 1.5 kila upande, yani juu imeingia ndani, na toini (mbele ya matairi kuangalia ndani) ni mm 1 jumla, tairi linaliwa sawasawa kabisa, yani ukiangalia vipimo hakuna cha kulalamikia.

Shida inaanza nikikanyaga breki kwa nguvu toka spidi kubwa, mkia unaanza kutafuta kushoto na kulia, usukani nimeunyoosha kabisa lakini nyuma inahangaika. Afu nikishaachia breki na kuingia kona ndefu gari inakuwa mbishi, haitaki kugeuka, pua inasukuma nje. Nimebadilisha bushi zote za nyuma, nimebadilisha matairi, nimepunguza breki za nyuma kwenye vavu ya kugawa, imepungua kidogo tu. Nianzie wapi?

fundi_wa_kona
Mkuu kabla hujanunua kitu kingine chochote, lala chini ya gari uangalie mabano yanayoshika mikono ya nyuma (inayobeba matairi) pale kwenye krosimemba (boriti inayokatiza chini ya gari). Kila mkono una mabano mawili, la ndani karibu na difu (gia inayogawa nguvu kwa matairi ya nyuma) na la nje karibu na tairi. Chukua levo, gari likiwa limekaa kwenye sakafu iliyonyooka, pima katikati ya bolti ya ndani na ya nje, je ziko kimo kimoja au moja iko chini kuliko mwenzake? Nahisi najua utakachokuta ila pima kwanza.

mkia_mwepesi
Nimepima jana usiku. La nje liko chini kuliko la ndani kwa mm 15 kulia, na 14 kushoto. Kati ya bolti na bolti ni kama mm 350. Bano la nje limekatwa na kuchomelewa upya, hilo linaonekana kabisa.

fundi_wa_kona
Ndo hapo. Sasa nikuelezee vizuri maana hili jambo watu wengi wanalifanya nusu, wanaangalia kemba ikiwa imesimama pale gereji na kusahau gari linatembea.

Mkono wa nyuma wa 510 unazunguka kwenye mstari unaopita kwenye bolti zako mbili, na mstari huo ukiutazama kutoka juu haujakatiza gari moja kwa moja, umekaa mshazari, bolti ya ndani iko nyuma zaidi ya ile ya nje. Huo mshazari ndo unafanya tairi lilale ndani linapopanda. Chukua mfano wa mkono wenye urefu wa mm 400 toka kwenye mstari huo hadi katikati ya tairi, na mshazari wa nyuzi 20. Ukishusha gari mm 60 mkono umezunguka karibu nyuzi 8.6, na kemba inaongezeka hasi kama nyuzi 2.9. Kwa hiyo tairi la mbio lenye uso mpana linakanyaga kwa ukingo wa ndani tu.

Mwenye gari wa kwanza akaona njia rahisi, ashushe bano la nje, mkono wote ulale kidogo na tairi lisimame. Kwa umbali wako wa mm 350 kila mm 6 ni kama nyuzi 1, kwa hiyo mm 15 zimemrudishia nyuzi 2.5. Kemba ikapendeza. Lakini sasa ule mstari ukiutazama kutoka nyuma ya gari umeinama, na hapo ndo ugonjwa wako ulipo. Mstari ukiwa sawa na sakafu, toi (tairi kuangalia ndani au nje) inabadilika kidogo sana, inaingia ndani kidogo tairi likipanda na inaingia ndani kidogo likishuka. Mstari ukiinama upande wa nje chini, tairi likipanda linaingia toini kwa kasi, na likishuka linafungukia nje.

Fikiria unapokanyaga breki. Pua inashuka, mkia unapanda, matairi yote mawili ya nyuma yananing'inia. Toini yako ya nusu milimita kila upande inaisha na tairi zinaanza kuangalia nje, gari lenye matairi ya nyuma yanayoangalia nje halinyooki hata usukani uushike vipi. Na kwenye kona tairi la nje linapanda linaingia ndani, la ndani linashuka linafunguka, yote mawili yanausukuma mkia uelekee ndani ya kona na ndo maana unaona pua inakataa. Dalili zako mbili zina chanzo kimoja.

Usiniamini kwa maneno. Toa springi ya nyuma upande mmoja, acha shokapu au funga kitu cha kuzuia mkono usianguke, weka bodi kwenye stendi, inua tairi kwa jeki kidogo kidogo na upime toi kila mm 10, juu na chini ya kimo chako. Tumia bamba lililonyooka lililofungwa kwenye habu na vipimo viwili vya saa (vyenye sindano), mbele na nyuma. Kazi ya asubuhi moja.

bano_moja
Nakubaliana na fundi kwenye ugonjwa ila dawa nina wasiwasi nayo maana najua atasema nini, atasema kata. Mimi nilikata. Krosimemba ya hii gari ni bati lililobanwa, sio chuma kizito, nilichomelea mabano mapya bila kuweka bamba la ndani na baada ya mbio kadhaa nikakuta ufa umeanza pembeni ya weldi, bahati niliuona nikiwa naosha gari. Ukiamua kukata, kwanza zungushia sanduku la bati ndani ya krosimemba pale mabano yanapokaa. Na mikono iwe imefungwa kwa bolti zake wakati unachomelea, piga nukta upande huu, nukta upande ule, usivute weldi ndefu mara moja, la sivyo ukija kupima tairi moja liko mbele ya mwenzake.

Na swali kwa mkuu mwenye gari, kwanini mm 60? Ukipandisha gari mm 20 tu nusu ya shida zinaondoka na hujagusa kitu. Hii gari ilishinda Safari Rally 1970 na ubingwa wa Trans-Am (mbio za Marekani) wa magari ya chini ya lita 2.5 mwaka 1971 na 1972, barabara ambazo hazifanani hata kidogo, mikono ya nyuma ni muundo huu huu. Muundo sio mbovu, sisi ndo tunaushusha mpaka unapotea.

fundi_wa_kona
@bano_moja hilo la sanduku la bati ni muhimu kuliko yote niliyosema, asante. Kimo ni uamuzi wake, lakini kweli akipandisha kidogo kazi inakuwa ndogo.

Dawa ninayoijua ni kuinua mabano YOTE mawili kwa kiasi kimoja, mstari ubaki sawa na sakafu. Umeshusha gari mm 60, ukiinua mabano mm 30 mkono unarudi nusu ya njia, kemba inabaki hasi kama 1.5 ile ile unayoitaka, ila sasa inatembea kwa adabu. Na unapata kitu kingine ambacho watu hawakitazami. Gari likishushwa bolti za mkono zinakuwa chini kuliko katikati ya tairi, ukikanyaga mafuta msukumo wa tairi unavuta mkia chini zaidi, unakaa, kemba inaongezeka, unapoteza mshiko unapotoka kona. Ukiinua mabano sehemu kubwa ya hilo inarudi.

Matundu ya kurekebisha yaweke hivi: bano la nje tundu refu la kwenda juu na chini, la kumalizia kemba tu, sio la kutafuta nyuzi 2. Bano la ndani tundu la mbele na nyuma, la toi. Kwa umbali wako mm 1 pale kwenye bano ni karibu mm 1 ukingoni mwa rimu, kwa hiyo usiache bolti iteleze yenyewe, weka vibamba vyenye meno au vya ekisentriki (tundu haliko katikati). Bolti laini kwenye tundu refu itahama kona ya kwanza.

hafu_shafti
Naongeza mawili afu nawaacha. Usiinue krosimemba nzima kama njia ya mkato, difu imeshikwa pale pale mbele, utaipandisha nayo na propela (shafti ndefu toka gia boksi) itabadilika pembe, na nyuma ya difu kuna ule upau mrefu unaoishika nao utavutwa. Inua mabano peke yake. Pili, zile shafti za pembeni za kiwandani zina jointi mbili na sehemu ya kuteleza yenye gololi, ukishamaliza pandisha tairi mpaka mwisho ligonge raba ya kuzuia mkono usipande zaidi na uhakikishe shafti bado ina nafasi ya kujifupisha. Ikigonga mwisho ndani yake itasukuma difu.

Na kama unashiriki daraja la magari ya kihistoria, soma kanuni kabla ya kuwasha mashine. Chini ya Appendix K, kanuni za magari ya kihistoria za FIA (shirikisho la kimataifa la magari), gari linatakiwa kubaki kwenye hali ya wakati wake, na kuhamisha sehemu za kushikia mikono ni kitu ambacho mkaguzi atakiangalia.

mkia_mwepesi
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya. Nilipima kwanza kama fundi alivyosema. Kutoka kimo changu kupanda mm 40 toini iliongezeka mm 2 tairi moja, kushuka mm 40 ikafunguka mm 1 nzima. Nilipoona sindano inarudi upande wa pili nikakaa chini pale pale sakafuni, maana hii gari imenitoa nje ya barabara mara mbili na kila mara nilidhani ni mikono yangu.

Kanuni za daraja letu zinaruhusu, niliuliza kwa maandishi. Nimepandisha gari kama bano_moja alivyoshauri, ila mm 10 tu, nimeweka sanduku la bati, nimeinua mabano mm 25 kwa kimo kimoja. Sakafu juu ya mkono wa kushoto ilikuwa inagusa, nikaigonga kidogo. Kemba sasa hasi 1.4, toini mm 2 jumla. Kupanda mm 40 inaongezeka kama nusu milimita, kushuka mm 40 nusu vilevile, haifunguki popote.

Jumamosi nimeendesha. Breki za mwisho wa mnyoosho mrefu mkia umetulia, nimerudisha hata breki za nyuma nilizokuwa nimepunguza. Kwenye kona pua inaingia, sasa ni mkia unaoanza kutangulia nikikanyaga mafuta mapema, na huo naudhibiti. Joto la tairi la nyuma la nje nilipotoka, ndani lilizidi nje kwa nyuzi 8. Shafti ya kulia ikiwa juu kabisa ina mm 4 tu za kuteleza zimebaki, @hafu_shafti hiyo inatosha au nipunguze raba?

hafu_shafti
Mm 4 ni ndogo, raba inajikunja ikigongwa kwa nguvu na mkono unapanda zaidi ya ulipopimia kwa jeki. Usiikate raba, iongeze urefu mm 10 afu pima tena.