Ruta ipi inafaa kwa nyumba ya wageni yenye vyumba 14?

Mwenyeji wa Moshi: Wakuu, habari zenu. Ninaendesha nyumba ya wageni ya ghorofa mbili hapa Moshi, na intaneti yetu ni ya faiba ya megabiti 30 kwa sekunde. Mchana hatuna shida, lakini ikifika saa mbili usiku, wageni wakisharudi, kifaa tulichopewa pamoja na faiba hiyo huganda hadi mhudumu wa mapokezi akichomoe na kukichomeka upya. Muuzaji ananishawishi ninunue ruta kubwa yenye antena nane. Je, itanifaa?

Fundi Nyaya: Ndugu, kabla hujatoa hela, mtandao ukiganda unganisha kompyuta kwa waya kwenye kifaa hicho, kisha utuambie umeona nini.

Mwenyeji wa Moshi: Nimejaribu jana usiku. Kompyuta ilifungua kurasa bila kusita, ilhali mgeni wa chumba namba 11, kule juu, alikuwa anaona mstari mmoja tu wa Wi-Fi.

Fundi Nyaya: Basi faiba yako ni nzima, kinacholemewa ni Wi-Fi. Antena nane hazitasaidia sana kuvuka sakafu ya zege, kwa sababu hata ruta ikipiga kelele namna gani, simu ya mgeni nayo lazima ijibu, na sauti yake ni ndogo. Mimi ningenunua ruta isiyo na Wi-Fi kabisa, kama MikroTik hEX yenye matundu matano ya waya, kisha ningevuta waya hadi kwenye korido ya kila ghorofa na kufunga aksesi pointi (vifaa vidogo vya kurusha Wi-Fi) darini, zikipata umeme kupitia waya huohuo kutoka kwenye swichi ya PoE, yaani kifaa cha kugawa waya za mtandao ambacho hupitisha na umeme humo. Mtandao wa wageni utenge na wa mapokezi, mgeni asije akaiona kompyuta yako ya hesabu.

Mama Lodge: Naunga mkono, ila hEX si ya kujifunzia usiku wageni wakiwa mlangoni, tafuta fundi anayeijua. Mwambie atumie tundu la pili kwa modemu ya laini ya simu, ili faiba ikikatika ruta ihamie huko yenyewe. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) nayo ibebe kifaa cha faiba pamoja na swichi, kwani ruta ikiwaka peke yake haikufikishi popote. Na kabla hujamlipa, akuandikie neno la siri la ruta: wangu alihama mji nalo, tukalazimika kufuta mipangilio yote na kuanza upya.